Aliyepuliza Filimbi ya Mgalula

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi bali zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimekwishajua kusema, watu wanne waliketi mbele ya karatasi yenye mstari mmoja mtupu, wakaambiwa: andikeni jina moja. Kisa chao nimekisimulia harusini, nimekisimulia matangani, nimewauliza wenye vyeti na wasio na vyeti. Kila nilipodhani nimelipata jina la kuandika pale, nimelifuta mwenyewe kabla sijafika nyumbani. Leo nawatwisha nyinyi. Sikilizeni kwanza, msikimbilie kujibu.

Palikuwa na mume aliyeitwa Mgalula, mkulima wa tumbaku upande wa Urambo. Baba yake alilima tumbaku, babu yake alilima tumbaku, na yeye tangu ana miaka kumi na minne alikuwa akivuta alicholima. Kwanza alisokota mwenyewe kwa karatasi ya gazeti. Baadaye akahamia za pakiti. Alipofika miaka hamsini na sita sauti yake ikaanza kubadilika. Ikawa nzito, ikawa ya kukwaruza, ikawa mnong'ono. Hospitalini wakamchungulia kooni kwa mpira wenye taa, wakalitaja neno bila kulizungusha: saratani.

Mkewe aliitwa Nyamizi. Huyu ndiye tutakayefuatana naye, kwa hiyo mfahamuni vizuri. Alikuwa mwanamke mchapakazi, mwenye huruma nyingi na imani kidogo, na hiyo imani kidogo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa mumewe. Mgalula alikuwa ameapa kuacha sigara mara saba. Mara ya kwanza akawa anavutia chooni. Mara ya pili akawa anavutia kwenye mahindi. Mara ya tatu akasema anakwenda kumwona jirani mgonjwa, na jirani mwenyewe akaja kumsalimu akiwa mzima wa afya. Nyingine nne sizitaji, maana zote zinafanana.

Daktari wa upasuaji, Dokta Rwegoshora, alikuja hospitali ile mara moja kila miezi mitatu, akakaa siku tano, akaondoka. Alimwambia Mgalula:

"Baba, uvimbe upo mahali ninapofika. Safari yangu ijayo bado nitaufikia. Safari ya baada ya hapo, siahidi. Lakini sikupasui ukiwa unavuta. Kidonda cha mvutaji kinagoma kufunga, na mapafu yake yananisumbua akiwa usingizini. Siku ishirini na nane kabla sijarudi, nataka ziwe safi."

"Nani atajua kama ni safi?" akauliza Nyamizi, hata mumewe hajafumbua mdomo. Watu wodini wakacheka.

"Simu itajua," akajibu Sista Editruda.

Sista Editruda alikuwa muuguzi wa wodi ile, mwanamke wa maneno machache, miwani yake imefungwa uzi mweusi sikioni. Watu wa mradi kutoka mjini walikuwa wamemwachia simu kumi na mbili, za wagonjwa kumi na wawili wa saratani waliokuwa wakivuta. Ndani ya kila simu mlikuwa na programu iitwayo Pumua, na pembeni kidude cha plastiki ambacho kila mtu alikiita filimbi. Saa moja asubuhi simu inaita, saa moja jioni simu inaita. Sauti ya binti inasema: "Vuta pumzi, izuie, sasa puliza." Unapuliza filimbi. Pumzi ikiwa safi, kioo kinakuwa kijani. Ikiwa na moshi, kinakuwa chekundu. Usipopuliza, ni nyekundu vilevile. Nyekundu tatu, jina linatoka kwenye orodha.

"Na hamu ikikushika, baba, bonyeza hapa kwenye moyo," akasema Sista. "Binti huyu atazungumza na wewe mpaka ipite."

Nyamizi akaitazama simu, akamtazama mumewe.

"Kumbe nimeletewa mke mwenza."

"Mke mwenza asiyekula ugali wako," akasema Sista. "Mpokee tu."

Wakarudi nyumbani. Mdogo wake Mgalula, aitwaye Lusesa, akaja kuwapokea. Lusesa alivuta kuliko kaka yake. Aliposikia habari akapiga kifua mbele ya watu: "Kaka, ukiacha na mimi naacha. Nikishika sigara kabla hujapasuliwa, usiniite ndugu yako!" Watu wakampigia makofi. Nyamizi hakupiga. Alikuwa akitazama vidole vya shemeji yake, vilivyokuwa tayari vinatafuta kitu mfukoni.

Zilipobaki siku ishirini na nane daktari arudi, simu ikaanza kazi. Siku ya kwanza, kijani. Siku ya pili, kijani. Siku ya tatu Mgalula alitetemeka kama mwenye malaria, akatafuna karanga mpaka fizi zikauma, akapuliza: kijani. Siku ya tisa alimgombeza kuku. Kijani. Mchana kutwa Nyamizi aliisikia sauti ya yule binti kupitia ukutani: "Rafiki yangu, kunywa maji taratibu. Hamu itapita kabla kikombe hakijaisha." Na mnong'ono wa mumewe ukijibu: "Haya, mama. Haya."

"Rafiki yake," akasema Nyamizi peke yake, akichambua mboga. "Mimi miaka thelathini namwambia anywe maji, hanywi."

Hivyo zikapita siku ishirini, na kila siku kijani mara mbili. Mke mwingine angefurahi. Nyamizi alihesabu zile mara saba, akajiuliza ya nane imejificha wapi.

Katikati ya hesabu hiyo tumbaku ikawa imeiva shambani, na tumbaku ikiiva haimsubiri mgonjwa. Wanaolima wanajua: majani yanachumwa, yanafungwa kwenye fito, yananing'inizwa ndani ya bani, kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia, na chini yake moto wa magogo unawaka siku sita bila kuzimika. Ukizimika, jasho la mwaka mzima linaoza. Kazi hiyo miaka yote ilikuwa ya Mgalula. Sasa hakuwa na nguvu ya kubeba gogo, kwa hiyo alibaki nyumbani. Nyamizi akashika mchana, Lusesa akashika usiku. Kutwa nzima mama huyo aliinama kwenye mdomo wa tanuri, anasukuma magogo, anafuta machozi, anakohoa. Jioni alirudi nyumbani akainamia tena mafiga kusonga ugali.

Siku ya ishirini na moja alichukua koti la mumewe msumarini ili alifue. Likanuka sigara. Si harufu ya zamani iliyolala kwenye nguo; ilikuwa mbichi. Akalipapasa. Mfukoni hamkuwa na kitu. Lakini kwenye pindo la chini, ndani ya mshono, vidole vyake vikagusa kitu chembamba, kirefu, laini. Hakuhitaji kuambiwa ni nini.

Akaliona hilo, akaliweka moyoni.

Akaenda mpaka kwenye bani. "Shemeji," akamwambia Lusesa, "koti la kaka yako linanuka sigara. Unajua lolote?"

Lusesa alikuwa akipanga magogo. Hakuinua uso. "Koti la kaka unaniuliza mimi, shemeji? Muulize mwenye koti."

Nyamizi hakumuuliza mwenye koti. Angemuuliza, angeapa, na viapo vyake alivijua kwa namba. Alifikiri hivi: zimebaki siku saba. Asubuhi ni kijani, kwa hiyo anavuta mchana nikiwa kwenye bani, na usiku kucha moshi unamtoka. Huyu mtu ni mjanja. Jioni moja atasahau hesabu yake, simu itamkamata, na mimi nitabaki mjane kwa ajili ya sigara iliyoshonwa kwenye pindo.

Basi akaamua kumwokoa.

Mgalula alikuwa akimeza dawa ya maumivu saa kumi na mbili jioni, kisha usingizi unamchukua. Siku zote mkewe ndiye aliyemwamsha simu ikiita, naye akipuliza nusu usingizini, asubuhi hakumbuki. Siku ya ishirini na mbili simu ilipoita hakumwamsha. Alitoka jikoni, akajifuta mikono kwa kanga, akaishika filimbi yeye ambaye tangu azaliwe hajagusa sigara kwa mdomo wake. Akavuta pumzi. Akaizuia. Akapuliza.

Simu ikasema: nyekundu.

Akakaa chini. Na hapa, ndugu zangu, msimcheke. Jibu lote lilikuwa kiganjani mwake: mimi sivuti, mbona nyekundu? Lakini mawazo yake hayakuwa kwake mwenyewe hata kidogo, yalikuwa kwa mumewe. Akasema: amevuta sana huyu, hata filimbi imejaa moshi wake.

Kesho yake akaiosha filimbi kwa sabuni ya mche, akaianika juani. Jioni ikafika, Mgalula akalala. Nyamizi akatoka jikoni, akavuta pumzi, akaizuia, akapuliza. Simu ikasema: nyekundu.

Siku ya ishirini na nne aliogopa kumwachia mumewe, kwa sababu alikuwa na hakika naye. Aliogopa kuacha kupuliza, kwa sababu kuacha ni nyekundu. Kutwa alikuwa kwenye bani, upepo ukimrudishia moshi usoni. Jioni akavuta pumzi, akaizuia, akapuliza. Nyekundu ya tatu. Yule binti akasema kwa upole uleule: "Pole sana, Mgalula. Muuguzi wako atakupigia."

Sista akapiga siku iliyofuata, na aliyepokea ni Nyamizi.

"Mwambie mzee wako nimemwona. Asubuhi kijani, jioni nyekundu. Mchana anavuta."

"Na mimi nilijua, Sista."

"Jina lake limetoka. Njooni hivyohivyo siku ya daktari. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho."

Nyamizi hakumwambia mumewe. Jioni hiyo bani lilikuwa limeshazimwa, na kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuokoa, alimwamsha apulize mwenyewe. Kijani. Kesho yake, kijani. Mpaka siku ya ishirini na nane, kijani. Hapo ndipo alipoamini kabisa: mumewe alivuta siku tatu, akashtuka, akaacha.

Siku ikafika. Wakasafiri watatu, mume, mke na Lusesa, wakalala kwenye banda la wauguzaji, ndugu wanaowahudumia wagonjwa wao, nje ya hospitali. Asubuhi Nyamizi alipika uji kwenye jiko la kuni la banda hilo, wakanywa, akachukua bakuli la mumewe, wakaingia wodini. Sista Editruda akasoma orodha ya siku. Jina la kwanza halikuwa Mgalula. La pili halikuwa. La tatu halikuwa, na la nne, la mwisho, halikuwa.

Mgalula akainua kidole kama mwanafunzi. "Mbona mimi sijasikia langu?"

"Muulize mkeo."

Akamgeukia mkewe. Na Nyamizi, aliyekuwa ameyaweka moyoni kwa siku nane, akayatoa yote mbele ya wodi nzima.

"Ulivuta! Baba Kashindye, ulivuta! Niliwaacha watoto, nikaliinamia bani lako mpaka mgongo ukagoma, ili wewe ukae nyumbani uvute! Simu imesema!"

"Sijavuta," akanong'ona Mgalula.

"Na iliyoko kwenye pindo ni ya nani?"

Mgalula akavua koti, akauma uzi wa mshono kwa meno, akatoa sigara. Ilikuwa nzima, imekunjamana kidogo, karatasi yake imepata rangi ya chai kwa kukaa. Ncha yake haijaguswa na moto.

"Niliiweka siku ya kwanza," akasema. Kila neno lilimgharimu. "Nilitaka nijue ipo na nisiiguse. Hamu ikizidi hata yule binti akashindwa, naishika kwa nje ya kitambaa. Halafu naiacha."

"Sasa zile nyekundu zimetoka wapi?" akauliza Sista.

Nyamizi akasema kwa sauti ndogo, "Zile za jioni nilipuliza mimi."

"Wewe unavuta?"

"Mimi, Sista? Nivute mimi!"

Dokta Rwegoshora alikuwa amesimama mlangoni kitambo, glavu mkononi. Aliichukua simu, akampa Nyamizi filimbi. Akapuliza. Nyekundu. Akamwita mfagiaji wa wodi, mlokole mmoja ambaye sigara aliiona kwa wengine tu. Akapuliza. Kijani.

"Mama, umetoka wapi sasa hivi?"

"Jikoni, kupika uji."

"Jiko la nini?"

"La kuni, baba. Kwani kuna lingine?"

Daktari akamgeukia muuguzi. "Sista, hawa hukuwaambia kuhusu moto?"

Sista Editruda akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akatoa karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne. Mstari wa sita ulisema wazi: kifaa hakitofautishi moshi wa sigara na moshi wa kuni, anayepuliza asiwe ametoka kwenye moto.

"Niliuruka," akasema. "Niliuruka kwa makusudi. Nafanya kazi hii mwaka wa kumi na tisa, Dokta. Ningewasomea mstari huu, kila mvutaji angeniambia ni jiko. Kumi na wawili wote wangeniambia ni jiko."

Daktari akavuta pumzi yake mwenyewe. Akatoa karatasi nyingine kwenye faili la mradi, akaiweka mezani.

"Ili nimpasue leo, zile nyekundu zifutwe. Kuzifuta kuna fomu hii, na fomu ina mstari mmoja: jina la aliyeyaharibu matokeo. Jina moja tu. Ninaye mgonjwa mezani. Nikimaliza naye nitarudi. Nikikuta jina, na si lake, namchukua Mgalula. Nikikuta mstari mtupu, namwita anayefuata." Akaondoka.

Sista akawasomea masharti, safari hii bila kuruka. Akiandikwa mgonjwa, anasubiri safari nyingine ya daktari. Akiandikwa muuguzi, simu zote zinarudi mjini, na wagonjwa kumi na mmoja waliobaki wanabaki bila kitu. Akiandikwa mtu wa nyumbani, haruhusiwi kumwuguza mgonjwa wodini wala kumkaribia mpaka atakapotoka, wiki tatu.

Wakakaa wanne, na kalamu katikati.

Mgalula akasema, "Andikeni mimi. Nilimdanganya huyu mara saba. Mara ya nane nikasema kweli, akakosa mahali pa kuiweka. Hilo ni kosa lake au langu?"

"Uandikwe wewe ufe?" akasema Nyamizi. "Kaa kimya, unaumiza koo."

Lusesa akainamisha kichwa. Maneno yakamtoka kama mtu anayetapika. "Koti nililivaa mimi; nililiazima msumarini nikienda zamu. Alfajiri kwenye bani kulikuwa na baridi, nikalivaa, nikavuta mbili. Niliapa mbele ya watu, nikaona aibu. Shemeji aliponiuliza nikamsukumia kaka. Ningesema siku ile, asingepuliza hata mara moja. Andikeni mimi. Na tazameni: mkiniandika mimi hakuna anayeumia. Kaka anapasuliwa, simu zinabaki, shemeji anakaa na mumewe. Ni rahisi."

Nyamizi akamtazama kwa jicho lilelile la siku ya kupiga kifua. "Rahisi kwa nani, shemeji? Utaandikwa hapa, utarudi nyumbani, utalala. Hiyo ni adhabu au likizo? Na filimbi hukuishika."

"Kwa hiyo unataka niumie ndipo niwe na kosa?"

Nyamizi akaisogeza kalamu mbali na mkono wake.

Sista Editruda akavua miwani. "Kwa haki ni mimi. Mama huyu alipuliza kwa kutojua, na kutojua kwake nilikutengeneza mimi. Nilimshuku mumewe kabla hajapuliza hata mara moja. Niliwashuku wote. Ila wale kumi na mmoja..."

"Unasema ni wewe, Sista, na papo hapo unasema isiwe wewe," akasema Nyamizi.

"Ndiyo, mama. Yote mawili ni kweli."

"Na ungenisomea ule mstari, ningekuamini? Au ningesema umepewa kitu na mume wangu?" Nyamizi akaendelea, na sasa alikuwa kama anajisemesha. "Aliyepuliza ni mimi. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na mume anayesema kweli chini ya paa langu siku ishirini na nane, nikamtafutia uongo mpaka nikautengeneza kwa pumzi yangu. Lakini moshi ule niliuvuta kwa kazi yake. Ningemwachia bani lioze, ningepuliza kijani."

Mgalula akamshika mkono. "Daktari alinieleza. Nikiamka sitakuwa hata na huu mnong'ono. Mama Kashindye, nani atanielewa? Kuandika ni shida kwangu, unajua. Wewe unanisoma usoni. Lusesa hajawahi kunisoma hata nikipiga kelele." Wakacheka kidogo, hata Lusesa. "Mwandike yeye. Amejitolea mwenyewe. Wewe ukae hapa." Akaonyesha kile kigoda cha mbao kinachowekwa kando ya kila kitanda, anapokaa muuguzaji.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Nyayo za daktari zikasikika ukumbini.

Kalamu ilikuwa moja. Mgalula aliinyooshea mkono. Lusesa aliinyooshea mkono. Sista aliinua mkono wake, ukaishia hewani. Nyamizi akaichukua, akaandika jina lake mwenyewe, herufi baada ya herufi, kwa mkono ulionukia moshi wa uji.

Mumewe akamtazama usoni. Alichokisoma pale hakuwahi kumwambia mtu.

Daktari akasoma, akasaini, akampeleka Mgalula ndani. Wakati huo Nyamizi aliomba sindano na uzi kwa wagonjwa wengine. Akaichukua ile sigara nzima, akairudisha kwenye pindo la koti, akaushona mshono kama ulivyokuwa, akalitundika koti kwenye chuma cha kitanda. Kisha akasimama, akasubiri kutolewa, kwa sababu sharti lilisema mtu wa nyumbani atolewe na muuguzi wa zamu.

Na muuguzi wa zamu alikuwa Sista Editruda. Ndiye aliyemshika kiwiko, akampitisha ukumbini mpaka langoni, ile karatasi iliyokunjwa mara nne ikiwa bado mfukoni mwake.

Langoni Nyamizi akasimama. "Na wale kumi na mmoja, Sista. Leo utawasomea?"

Sista akairekebisha miwani yake. "Na kesho wote wakiniambia ni jiko, mama, nitamjuaje anayevuta?"

Nyamizi akaenda kupanda gari, akarudi kwenye bani lake.

Uvimbe ulitolewa wote. Mgalula alipoamka hakuwa na sauti. Mkono wake ukatafuta upande wa kigoda, ukagusa goti, akageuza macho, akamwona Lusesa. Akayafumba. Baadaye mkono uleule ukapanda kwenye koti, ukapapasa pindo, ukasimama pale kwa muda mrefu. Lusesa akauliza, "Unataka maji, kaka? Unataka mto? Unasikia baridi?" Hakuambulia jibu, kwa kuwa hakujua kusoma alichokiona.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na hao ndio walioitekeleza. Jina likaandikwa na aliyepuliza. Akatolewa na aliyeuruka mstari. Kigoda kikakaliwa na aliyevuta. Na aliyekuwa msafi akalala peke yake na sigara ambayo hakuivuta.

Basi nyinyi mliokaa hapa, kalamu ni hii. Ingekuwa mikononi mwenu kabla daktari hajafika mlangoni, mngeandika jina la nani? Na kile kigoda, je, nani alistahili kukikalia?